Madirisha ya nyumba ya bibi Mji Mkongwe: yang'olewe au yatengenezwe?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nyumba ya marehemu bibi yetu ipo Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtaa wa Malindi. Ni ya ghorofa mbili, ya mawe na chokaa, na tunaikarabati ili mama arudi kukaa. Madirisha yote 18 ni ya mbao, ya zamani sana. Matano hayafungi, mengine yameoza kwa chini, na moja la ghorofani lina ufa juu yake. Fundi wetu anasema tung'oe yote tuweke ya aluminiamu ya kusukuma yenye vioo vyeusi, kazi ya wiki mbili. Kaka yangu aliyeko Muscat, ambaye ndiye anayetoa pesa, ameafiki; anasema huko kila nyumba ina hayo. Mimi moyo unasita. Tena mama anataka kiyoyozi chumbani kwake na nyavu za mbu. Tufanyeje? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Msing'oe. Kwa ulivyoyaeleza, sehemu kubwa ya madirisha hayo yanatengenezeka, machache yataungwa mbao mpya kwa chini, na pengine mawili matatu ndiyo yatakayochongwa upya. Lakini sitaanza na mbao. Nitaanza na lile la ghorofani lenye ufa, kwa sababu hapo tatizo limeshatoka kwenye dirisha na kuingia ukutani.

Nyumba za Mji Mkongwe hazina nguzo za zege wala mkanda wa zege unaozunguka kuta. Ukuta wenyewe wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, wenye unene wa nusu mita au zaidi, ndio unaobeba boriti za mikoko, sakafu nzito ya mawe na chokaa iliyo juu yake, na ghorofa inayofuata. Palipoachwa nafasi ya dirisha, mzigo hubebwa na linta, ile boriti iliyolazwa juu ya nafasi hiyo, na linta ya zamani mara nyingi si kipande kimoja. Ni magogo au mbao kadhaa zilizolazwa ubavu kwa ubavu kutoka uso wa nje wa ukuta hadi uso wa ndani, kisha zikafunikwa na plasta, hazionekani. Ile ya nje kabisa hunywa mvua na kuoza kwanza. Za katikati huliwa na mchwa wanaopita ndani ya ukuta bila plasta kuonyesha kitu. Linta ikichoka, ukuta hukalia fremu ya dirisha. Fremu ya msaji inaweza kuvumilia hali hiyo miaka mingi huku ikipinda kidogo kidogo. Dirisha linakuwa gumu kwa juu, na ufa unapanda kwa mshazari kutoka kwenye pembe yake. Sitashangaa nikiambiwa kuwa hilo lenye ufa ni mojawapo ya yale matano yasiyofunga.

Sasa aje mtu na mtarimbo aing'oe fremu hiyo asubuhi moja, akiamini anatoa mbao zilizooza, kumbe anatoa nguzo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Forodhani, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati na watu wakapoteza maisha, kila fundi wa mji ule alipaswa kuacha mzaha na kuta kongwe. Sijui kama wote waliacha.

Kwa hiyo lile dirisha lisiguswe mpaka plasta iliyo juu yake ibanduliwe, ndani na nje, muione linta kwa macho. Kama zimeoza, kwanza mtaegemeza sakafu ya juu kwa miti, na miti ya ghorofani isimame juu ya miti mingine ya chini mpaka ardhini, kwa sababu sakafu mnayosimamia nayo ni ya boriti vilevile. Kisha linta hubadilishwa kipande kimoja kimoja: inatolewa ya nje, inawekwa mpya ya mbao ngumu iliyotiwa dawa ya mchwa, ikikaa ukutani si chini ya sentimita 20 kila upande, inashindiliwa vipande vya mawe na chokaa mpaka iwe imebana, inaachwa ishike, ndipo inaguswa ya pili. Chokaa haina haraka ya saruji. Wiki mbili za fundi wenu zingeishia kwenye dirisha hilo moja. Na kama ufa unaingiza kidole, au ukuta umetoka tumbo, mwiteni mhandisi aliyewahi kufanya kazi za nyumba za chokaa. Yule aliyezoea zege tu atawashauri mmimine mkanda wa zege, na uzito wake ndio utakaowamaliza.

Baada ya hapo, nendeni mkaizunguke nyumba mvua ikinyesha. Hili watu hulipuuza, na ndiyo sababu madirisha mapya huoza baada ya miaka michache kama yale ya zamani. Mbao ngumu hazikukaa ukutani miaka mingi hivyo zikaamua kuoza mwaka huu bila sababu. Kuna maji yanayofika pale ambayo zamani hayakuwa yakifika. Tazameni mabati na mifereji ya paa, mabomba ya choo yaliyopitishwa ukutani, na hasa vile vibomba vya viyoyozi vya jirani. Vichochoro vya Malindi ni vyembamba, na kiyoyozi cha jirani kinaweza kudondosha maji juu ya dirisha lenu mchana na usiku, masika na kiangazi.

Mchawi mwingine ni saruji. Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Unyevu wa ardhini na wa mvua huingia, kisha hukauka kupitia uso wa ukuta. Ukiupaka saruji, maji hukosa njia, nayo hutokea penye ulaini, yaani pembezoni mwa fremu zenu. Chunguzeni kama kuna mtu aliyewahi kuziba pembeni mwa madirisha kwa saruji. Nina hakika ndipo mtakapokuta mbao zimekuwa kama unga. Bandueni yote, rudishieni chokaa: kipimo kimoja cha chokaa iliyolowekwa vizuri kwa vipimo vitatu vya mchanga, ipakwe tabaka nyembamba nyembamba, ifunikwe na kunyunyiziwa maji siku chache isipasuke. Mchanga usiwe wa pwani. Chumvi yake hurudi kuubangua ukuta.

Nije kwenye aluminiamu. Mimi si adui yake. Nyumba ya matofali ya saruji kule Fuoni au Mbweni, mtu akitaka aluminiamu namwekea, na nikiiweka vizuri inakaa. Kaka yako naye hasemi uongo. Nyumba nyingi za Muscat za siku hizi ni za zege, zimefungwa, na zinaishi kwa kiyoyozi usiku na mchana, kwa hiyo dirisha kule kazi yake ni kuzuia joto na vumbi visiingie. Nyumba ya bibi yenu inaishi kwa upepo. Dirisha lake refu la mabawa mawili likifunguliwa linafunguka lote. La kusukuma, hata likiwa pana kiasi gani, hufunguka nusu tu, maana kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya chenzake. Hapo mmekata upepo nusu nyumba nzima kabla hamjanunua hata pangaboi moja.

Kisha kuna mvua. Luva za mbao, vile vibao vya mshazari kwenye bawa la dirisha, huruhusu hewa huku zikiyageuza maji yarudi nje, kwa hiyo mama anaweza kulala dirisha likiwa limefungwa na bado akapumua. Kioo kikifungwa kimefungwa. Mvua ya masika ikija, chumba kinakuwa tanuri, kiyoyozi kinawashwa, na tukuza (umeme wa kulipia kabla) inakwisha kabla ya mwezi. Ile reli ya chini ya dirisha la kusukuma nayo hukusanya maji. Kwenye ukuta wa zege yanapita yakatoka, kwenye ukuta wa matumbawe yanazama ndani. Isitoshe, chokaa mbichi inaila aluminiamu na kuiachia madoa, na hewa ya bahari inakamata magurudumu na skrubu za chuma mapema kuliko fremu yenyewe. Nimeombwa mara nyingi nifufue madirisha ya kusukuma yaliyo mita chache kutoka baharini, fremu nzima lakini hayasogei. Hayo huwa hayana tiba ila kubadilishwa tena.

Hata kama mngeyapenda, kuna sheria. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ujenzi wowote unaobadili sura ya nyumba unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Dirisha ni sura ya nyumba. Msidhani kuwa yale ya uani yasiyoonekana barabarani ni ruhusa tupu. Ombeni kibali kwa kazi nzima, muorodheshe kila dirisha na picha yake. Faida yake ni kwamba maofisa wakija kukagua watawaonyesha mambo ambayo mkandarasi hawezi kuwaambia. Fundi anayesema "tutafanya Ijumaa na Jumamosi, hawatajua" anawaandalia notisi ya kusimamisha kazi ambayo itaandikwa kwa jina lenu, si lake. Na jambo moja ambalo hukulitaja: hakikisheni nyumba ni yenu kwa hati. Nyumba nyingi za mji ule ni za wakfu au za Serikali, na familia zimekaa miaka mingi kama wapangaji mpaka wajukuu wakaamini ni urithi. Ikiwa ni hivyo, mwenye nyumba ndiye wa kuomba.

Haya, sasa mbao zenyewe. Chukueni bisibisi nyembamba na chaki, mpite dirisha baada ya dirisha. Chomeni ubao wa chini wa kila bawa, maungio ya pembeni, miguu ya fremu inapokutana na kizingiti cha chini, na ncha za kizingiti zinazoingia ukutani. Bisibisi ikigoma, mbao ni nzima hata kama rangi imechakaa vibaya. Ikizama, endeleeni kupanda juu sentimita kwa sentimita mpaka igome, hapo wekeni alama ya chaki. Mtashangaa: dirisha linaloonekana limekufa huwa limeoza kiganja kimoja cha chini, na juu yake kuna mita moja na nusu ya msaji au mvule ambao leo mkiutafuta sokoni kwa ukavu ule hampati.

Yale yasiyofunga, ukiacha lenye ufa, mara nyingi yana rangi nyingi mno, tabaka juu ya tabaka, au bawaba zimelegea bawa likashuka. Rangi ibanduliwe kwenye kingo, bawaba zifungwe upya kwa skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu, basi. Hadhari moja: rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Isipigwe msasa mkavu wala kuchomwa kwa moto. Ilowekwe na kukwanguliwa ikiwa mbichi, vumbi likusanywe, na watoto wasikae karibu.

Yaliyooza chini hukatwa pale penye alama ya chaki na kuungwa. Hapa ndipo mtakapomjua fundi. Anayejua hukata kwa mshazari, mteremko ukielekea nje ili maji yasituame kwenye kiungo, anatia mbao ya aina ileile yenye mwelekeo uleule wa nyuzi, anatumia gundi isiyoogopa maji na vijiti vya mbao. Asiyejua hukata mraba, anapigilia misumari, na anajaza nafasi kwa unga wa randa uliokorogwa na gundi ya maji. Mpeni dirisha moja kwanza. Lile litakalokuwa zuri ndilo liwe kielelezo cha mengine yote, na liandikwe hivyo kwenye mkataba.

Kuna kazi ndogo ambayo karibu kila mtu anaisahau: kizingiti cha chini kiteremke kuelekea nje, na upande wake wa chini, karibu na ukingo, kichongwe mfereji mwembamba. Maji hupenda kutambaa chini ya mbao yakarudi ukutani. Yakikuta mfereji hudondoka. Nusu ya uozo niliouona maishani ungezuiwa na mfereji huo, ambao randa inauchonga kwa dakika kumi.

Nondo za dirishani nazo zitazameni. Pale zilipozikwa moja kwa moja kwenye mawe, kutu imezivimbisha na huenda ndizo zinazopasua ukuta pembeni. Zikatwe, zisafishwe, zipakwe rangi ya kuzuia kutu na zishikwe na fremu ya mbao badala ya ukuta. Msiziondoe kabisa, madirisha ya ghorofani ya nyumba nyingi za kule yanaanzia karibu na sakafu, na wajukuu watakuja.

Kwa yale yatakayochongwa upya, msiende dukani kununua ukubwa uliopo. Hakuna nafasi ya dirisha iliyo mraba kwenye nyumba ile. Pimeni upana mara tatu, juu, katikati na chini. Kimo mara tatu. Kisha mishazari yote miwili. Fremu itengenezwe kwa kipimo kidogo kabisa mlichopata, ikipunguzwa tena kama sentimita moja kila upande, ikae kwa kabari na pengo lizibwe kwa chokaa. Fundi akitaka kuchonga ukuta ili fremu ya mraba iingie, mzuieni. Kila jiwe analolitoa pale lilikuwa limeshika jingine. Mbao iwe msaji, mvule au mbambakofi, iliyokauka kwelikweli. Mbao mbichi itajipinda kabla rangi haijakauka. Paini msiikubali hata ikipakwa rangi ya kupendeza. Na kila kipande kipakwe pande zote, pamoja na zile ncha zitakazofichwa ndani ya maungio, kabla hakijaunganishwa. Upande usioonekana ndio unaokunywa maji.

Chumba cha mama. Hapa unene wa ule ukuta unawafaa sana. Acheni dirisha la mbao lilipo, upande wa nje, kwa ajili ya jua na mvua. Upande wa ndani wa ukuta huohuo, mnayo nafasi ya kutosha kuweka dirisha la pili la fremu nyepesi ya mbao na kioo, linalofunguka kuelekea chumbani. Akitaka kiyoyozi, anafunga la kioo na baridi haitoki. Asipotaka, analifungua na luva zinafanya kazi yao. Kioo kiwe cheupe cha kawaida. Kivuli anapewa na mabawa ya nje, na yanamzuilia jua kabla halijafika kwenye kioo, jambo ambalo kioo cheusi hakiwezi. Barabarani hakuna kitakachoonekana kubadilika, lakini litajeni kwenye maombi ya kibali, pamoja na mahali pa kufunga mashine ya nje ya kiyoyozi. Bomba lake la maji mlishushe mpaka chini, msije mkawa nyinyi ndio jirani niliyemsema juu.

Nyavu vilevile. Zisigongomewe kwenye fremu ya zamani. Tengenezeni fremu nyembamba ya mbao inayokaa upande wa ndani kwa vishikizo vidogo vya kuzungusha, iondolewe na kuoshwa kwa maji matamu na sabuni, si ya chumvi. Chumvi tunayo ya kutosha hewani. Mkiweza kupata wavu wa chuma kisichoshika kutu, gharama yake mtaisahau. Wa kawaida wa waya unakatika mapema karibu na bahari.

Kuhusu pesa za kaka, mwambie hivi: hesabu isifanywe kwa jumla ya madirisha 18. Ifanywe kwa mafungu baada ya kuchoma bisibisi: ya kufunguliwa rangi na bawaba tu, ya kuungwa, na ya kuchongwa upya, kila fungu na bei yake kwa dirisha, malipo yakifuata madirisha yaliyokwisha na kukaguliwa. Msilipe kwa siku. Na muandike waziwazi kuwa kila mbao, bawaba, komeo na nondo itakayotolewa inabaki nyumbani kwenu. Msaji mkavu wa zamani una wanunuzi, na bawaba za shaba zina wanunuzi zaidi. Silisemi hili dhidi ya fundi wenu, simjui. Ila nimeona madirisha mazima yakiitwa mabovu na watu waliokuwa na mteja tayari mjini. Mbao hizo ndizo mtakazochongea viungo vya madirisha mengine. Hakuna mbao mpya itakayolingana nazo.

Majira ya kazi ni baada ya masika. Mwezi wa Juni mpaka Septemba mvua ni chache, kusi inavuma, chokaa inakauka bila kupasuka na nafasi ya dirisha iliyoachwa wazi usiku haileti maafa. Miezi iliyobaki kabla ya hapo itumieni kwa kibali, kukagua linta na kununua mbao ziendelee kukauka kivulini ndani ya nyumba. Msifungue madirisha mawili yaliyo jirani kwenye ukuta mmoja kwa wakati mmoja, rukeni moja. Na lile lenye ufa liegemezwe kwa miti hata wiki hii, kibali au hakuna, kwa sababu kuegemeza hakubadilishi sura ya nyumba na hakuna ofisa atakayewalaumu kwa hilo. Ukipata picha zake, moja ya nje na moja ya ndani plasta ikiwa imeshabanduliwa, zilete nizitazame kabla hamjamwita mhandisi.